Maswali ya Wasomaji: Kuijenga Nchi Isiyokuwapo kwa Brashi na Turubai

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wachoraji wanaotaka picha zao zote ziwe za ulimwengu mmoja waliojibunia wenyewe, wenye ardhi yake, watu wake na hali yake ya hewa, kisha waufungulie watu mlango ukumbini. Majibu hayalingani urefu, maana na maswali hayalingani uzito.

Wahariri, salaam. Nina wazo la nchi iliyoko kwenye sakafu ya bahari iliyokauka. Nimeshachora picha sita, lakini kila anayeziona huniambia ni nchi sita. Niandike hadithi kwanza, nichore ramani, au niendelee na picha tu? — Mchoraji chipukizi, Dar es Salaam

Anza na sheria ya nchi, hadithi itajileta yenyewe. Sheria yako unayo tayari: bahari imekauka. Iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu iulize maswali mpaka ichoke. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Watu wanajengea nini, mawe ya matumbawe au mbao za meli zilizokwama? Chumvi ikimulikwa na jua la mchana inaumiza macho, sasa wanajikinga vipi? Mizigo inabebwa na nini mahali ambapo hapana bandari tena? Kila jibu likupe kitu kinachochoreka: kisima chenye paa, ukuta wa matumbawe, kilemba kilichoshushwa hadi kwenye nyusi, jahazi lililogeuzwa nyumba. Kisha jiwekee sharti kwamba kila kitu cha namna hiyo kitaonekana katika picha tatu au zaidi, safari moja kikiwa mbele na kikubwa, safari nyingine kikiwa nyuma na kidogo. Bila shaka picha zako sita zimekosa hapo. Kila moja imebuni vitu vyake upya, kwa hiyo mtazamaji hakutani na kitu alichokwisha kukiona.

Ramani ifuate mara moja. Chukua karatasi ya A3, upige mistari ya miraba ya sentimita 2 na kuamua mraba mmoja ni kilomita ngapi. Onyesha kaskazini, upande unakotoka upepo, miinuko na mabonde. Sasa kwa kila picha tia nukta mahali anaposimama mtazamaji, na mshale wa kuonyesha anatazama wapi. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo hufichua makosa yasiyoonekana kwa namna nyingine. Mlima uliokuwa kushoto kwa anayetazama kusini utakuwa kulia kwa anayetazama kaskazini. Upepo ukitoka mashariki, miti yote ya nchi hiyo italalia magharibi na mchanga utarundikana upande uleule wa kuta. Mtazamaji hatakuja na dira ukumbini, lakini jicho lake hukagua mambo hayo bila yeye kujua, na likishuku huacha kusadiki.

Wapo waliofika kwa njia nyingine. Mmarekani James Gurney alikuwa akilichorea jarida la National Geographic picha za miji ya kale. Kazi hiyo ikamwelekeza kuchora kwa rangi za mafuta mji uliojengwa juu ya maporomoko ya maji, kisha gwaride la watu na dinosaria, kila picha ikijitegemea. Ni baadaye ndipo alipochora ramani ya kisiwa kimoja cha kuziunganisha, na mwaka 1992 kikatoka kitabu cha Dinotopia. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa (1948–2015) hakuhitaji hata turubai: alijenga miji mizima ya ndoto kwa karatasi ngumu, plastiki na vifungashio, ikiwa na majengo yenye majina, barabara na viwanja, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA la New York likamwandalia maonyesho makubwa. Na kwetu yuko Mtanzania George Lilanga (1934–2005), ambaye mashetani wake wenye masikio makubwa na midomo mipana wanakunywa, wanacheza ngoma, wanagombana na kutibiana. Lilanga hakuandika kokote sheria ya ulimwengu wake, lakini ukitazama picha zake kumi utaisema mwenyewe: kila wanachofanya binadamu mtaani, hawa nao wanafanya. Njia za watatu hawa zimeachana mbali. Kilicho sawa kwao ni kwamba sheria ikishawekwa haivunjwi.

Kwa hiyo usizitupe picha zako sita. Zipange juu ya ramani, uone zipi zinaweza kukaa nchi moja, na zile nyingine uzirekebishe kwa kuzitia vitu vilivyomo katika wenzake. Mara nyingi inatosha kupaka upya mandhari ya nyuma.

Nchi yangu ina majua mawili, moja jekundu na jingine la samawati. Nimeweka vivuli viwili kwa kila mtu lakini picha inaonekana ya uongo. Nimekosea wapi? — Msomaji, Mombasa

Tunakisia kwamba vivuli vyako vyote viwili umevipaka rangi moja, pengine kijivu. Hapo ndipo uongo unapoanzia. Kivuli ni mahali ambapo mwanga mmoja umezuiwa, lakini ule mwingine bado unafika. Kivuli kinachotupwa na jua jekundu kinapata mwanga wa jua la samawati peke yake, kwa hiyo kitakuwa cha samawati. Kile cha jua la samawati kitakuwa chekundu. Pale vivuli viwili vinapokutana, kwa kawaida karibu na miguu, majua yote mawili yamezuiwa, na hapo tu ndipo penye giza la kweli, likisaidiwa kidogo na mwanga wa anga. Ardhi iliyo wazi inapata mianga yote miwili, kwa hiyo rangi yake inasogea kuelekea nyeupe au zambarau hafifu. Ukishazipanga rangi nne hizo picha itasimama.

Kosa la pili ni kuyapa majua yote mawili nguvu sawa. Umbo la mtu hupotea, kwa sababu upande wowote wa mwili ukiugeuza una mwanga mkali. Jua moja liwe bwana, na la pili liwe na theluthi moja ya nguvu zake au chini ya hapo.

Kosa la tatu ni mielekeo. Miale ya jua hufika kwetu sambamba, kwa hiyo vivuli vyote vya jua moja vina mwelekeo mmoja juu ya ardhi. Jua likiwa ndani ya picha, shusha mstari wima kutoka kwenye jua hadi kwenye mstari wa upeo wa macho na utie nukta. Vivuli vyote vya jua hilo vitatoka upande wa nukta hiyo kumjia mtazamaji. Urefu wa kivuli unaupata kwa kupiga mstari kutoka kwenye jua kupitia utosi wa mtu hadi unapokutana na mstari wa kivuli chake ardhini. Fanya hivyo kwa jua la kwanza, halafu rudia kwa la pili. Ni kazi ya rula na penseli, imalizike kabla hujafungua rangi.

Ukitaka kuona kwa macho, finyanga sanamu ndogo ya udongo yenye kimo cha sentimita 15, uiweke juu ya karatasi nyeupe katika chumba chenye giza, kisha uwashe taa mbili ukiwa umezifunika kwa vipande vya plastiki ya rangi, kimoja chekundu na kimoja cha samawati. Taa ziwe umbali wa mita 2 au zaidi kutoka kwenye sanamu. Zikiwa karibu, vivuli hupanuka kama feni, jambo ambalo jua halifanyi. Plastiki isiguse taa yenye joto. Piga picha kwa simu, lakini usiiamini simu kwenye rangi, kwa sababu hurekebisha weupe yenyewe. Changanya rangi zako palepale ukiitazama sanamu.

Na anga je? Milima ya mbali huonekana ya samawati hapa kwetu kwa sababu hewa hutawanya zaidi mwanga wa rangi hiyo, na hewa hiyohiyo ndiyo inayotia rangi ya anga ndani ya vivuli vya nje. Ukiamua anga ya nchi yako ni ya kijani, basi umbali nao uelekee ukijani, na vivuli vyote vya nje vipate ukijani kidogo. Anga ya kijani yenye milima ya mbali ya samawati ni kosa tunaloliona mara nyingi sana. Mchoraji amekumbuka kubadili kitu kimoja, akasahau viwili vinavyokifuata.

Nimechora mnyama mkubwa kuliko nyumba ya ghorofa nne, lakini watu wanasema anafanana na mwanasesere. — Mwanafunzi wa sanaa, Kampala

Tazama mstari wa upeo wa macho. Kwenye ardhi tambarare, mstari huo hukikata kila kitu kwenye kimo cha macho ya mtazamaji. Macho yako yakiwa mita 1.5 kutoka ardhini, mtu mzima atakatwa na mstari huo usoni, awe karibu au mbali, na mnyama wa mita 12 atakatwa kwenye sehemu ya nane ya kimo chake kutoka chini, yaani kwenye vifundo vya miguu au karibu yake. Wengi huuchora mstari ukipita tumboni mwa mnyama. Hapo ni kama mtazamaji ameinuliwa kwa puto, au mnyama amepungua hadi kuwa na kimo cha tembo.

Sababu ya pili ni miguu. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa kila upande, uzito wake huongezeka mara nane, ilhali unene wa mfupa ukikatwa katikati huongezeka mara nne tu. Ndiyo maana miguu ya tembo imenyooka na kunenepa kama nguzo, na ya paa ni myembamba na iliyokunjika. Mnyama wa mita 12 mwenye miguu ya paa hasadikiki hata kwa mtoto. Nenepesha miguu, fupisha shingo au ipe misuli, na mwendo wake uwe wa taratibu.

Mengine ni madogo ila yanasaidia: kichwa chake kiwe na ukungu na weupe kidogo kuliko miguu yake, ndege wapite kwenye mbavu zake wakiwa kama nukta, na sehemu moja ya mwili ikatwe na ukingo wa picha. Usichore kila kunyanzi la ngozi kwa ukubwa uleule. Makunyanzi makubwa kwenye mnyama mkubwa humrudisha kuwa mdogo.

Picha niliyochora Januari na ya Agosti ni za kijiji kimoja, lakini rangi za udongo hazifanani kabisa. Natumia akriliki. — Msomaji, Kisumu

Punguza tyubu. Ukiwa na tyubu ishirini mezani, kila siku utachanganya kwa njia nyingine. Kila eneo la nchi yako lipe tyubu tano tu na usiongeze ya sita. Eneo la udongo mwekundu, kwa mfano, linaweza kuishi kwa nyeupe ya titani (PW6), samawati ya ultramarine (PB29), ocha ya manjano (PY43), nyekundu ya oksidi ya chuma (PR101) na amba ya kahawia (PBr7). Herufi na namba hizo zimeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya tyubu na ndizo zinazokuambia kilichomo. Jina la mbele ni la biashara, na makampuni mawili yanaweza kuuza rangi tofauti kwa jina lilelile. Lakini namba nayo isikudanganye: PBr7 huandikwa kwenye amba na kwenye siena pia. Ukishapata tyubu inayokufaa, shikamana na kampuni ileile. Neno Hue likiwa mwisho wa jina, ujue ni mwigo wa rangi ghali, uliotengenezwa kwa rangi nyingine za bei nafuu.

Jitengenezee kadi za sampuli. Kata vipande vya turubai vya sentimita 5 kwa 8, vipake geso (rangi nyeupe ya msingi) ileile unayopakia picha zako, kisha paka mchanganyiko wa udongo wenye mwanga, udongo ulio kivulini, ukuta, anga ya juu na anga ya chini. Nyuma andika vipimo: ocha 3, nyekundu 1, nyeupe 2. Subiri ikauke ndipo ulinganishe, kwa maana akriliki hukolea ikikauka, na mchanganyiko unaolingana ukiwa mbichi utakuwa mweusi zaidi kesho yake. Linganisha mchana, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Kuna hila moja ya kuunganisha picha zilizoachana miezi. Kila turubai la eneo hilo anza kulipaka rangi moja ya chini, nyepesi, tuseme nyekundu ya oksidi iliyozimuliwa, na uiache ichungulie hapa na pale kati ya mipigo ya brashi.

Rangi zinazong'aa kama za kalamu za kuwekea alama usiziguse kwa kazi ya kuuza. Mwanga huzila upesi, na nyekundu ya alizarin (PR83) nayo hupauka.

Nachora kwa mtindo wa Tingatinga, viumbe vya kubuni juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kung'aa. Ubao umepinda na rangi imekunjamana kama maziwa yaliyoganda. — Fundi, Tanga

Haya ni magonjwa mawili. Hadibodi hupinda kwa sababu umepaka upande mmoja tu. Upande wa nyuma unakunywa unyevu wa pwani na kuvimba, wa mbele umezibwa. Paka nyuma na kingo zote idadi ileile ya mikono uliyopaka mbele, hata kama ni kwa rangi ya mabaki. Ubao ukizidi sentimita 60, gundishia nyuma fremu ya vijiti vya sentimita 2 kwa 2 kabla ya kuanza kuchora. Uliokwisha kupinda ulaze kifudifudi juu ya kitambaa safi, upake nyuma, na ukikauka uulalie uzito kwa siku mbili tatu.

Kukunjamana kunatokana na unene. Rangi hiyo hukauka juu kwanza, ngozi ikafunika rangi mbichi iliyo chini, na ngozi inapoendelea kutanuka inajikunja. Paka mikono miwili au mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, na kati ya mkono na mkono subiri siku nzima, masika siku mbili. Kabla ya mkono wa kwanza sugua upande laini kwa msasa namba 180 au 220, ufute vumbi. Zimua kwa tapentaini kidogo tu, rangi iendelee kushika brashi. Palipokunjamana hapatengenezeki kwa kupaka juu: acha pakauke hadi chini, ukwangue, upige msasa na kurudia.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, alichorea rangi hizi za madukani juu ya mbao za mraba na mandhari ya nyuma yenye rangi moja iliyotulia. Mandhari hayo matupu yanafaa sana kwa ulimwengu wa kubuni, kwa kuwa macho yote yanamwendea kiumbe. Usione haya kuyaacha yawe matupu.

Naweza kupaka akriliki juu ya rangi ya mafuta? — Msomaji, Arusha

Hapana, itabanduka. Kinyume chake inawezekana: akriliki chini, ikikauka vizuri, mafuta juu.

Nimepewa ukumbi wa maonyesho wenye ukuta mrefu wa mita 8 na dari la mita 3. Nina picha tano za upana wa sentimita 80. Nataka anayeingia ajihisi amevuka mpaka wa nchi nyingine. Nipangeje? — Mchoraji, Nairobi

Hesabu ya nafasi ni nyepesi. Picha tano zinachukua mita 4, zinabaki mita 4 zigawanywe kwa nafasi sita, yaani kama sentimita 67 kila nafasi. Lakini usizigawe sawasawa kwa mazoea. Tengeneza ukuta wa karatasi ngumu kwa kipimo cha 1 kwa 20: ukuta utakuwa sentimita 40 na kila picha sentimita 4. Sogeza vipande mpaka uone safari. Picha mbili za kijiji kimoja zinaweza kukaribiana hadi sentimita 25, na kabla ya picha ya jangwa ukaacha mita moja na nusu ya ukuta mtupu, mtu aitembee. Utupu huo ni sehemu ya nchi yako. Wachoraji wengi huuogopa na kuujaza picha ndogo, safari ikageuka duka.

Kuhusu kimo, kumbi nyingi huweka kitovu cha picha kwenye sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni. Kwa ulimwengu wenye mandhari tunashauri jambo lingine: linganisha mistari ya upeo wa macho, viacheni vitovu. Kila picha itundikwe ili mstari wake wa upeo uwe sentimita 152 kutoka sakafuni, karibu na macho ya aliyesimama. Tuseme picha ina kimo cha sentimita 100 na mstari wake uko sentimita 60 kutoka chini. Ukingo wa chini utakuwa 152 kutoa 60, yaani sentimita 92, na ukingo wa juu 192. Waya wa nyuma ukivutwa kwa uzito wa picha ukasimama sentimita 6 chini ya ukingo wa juu, msumari unapigwa kwenye 186. Fremu zitapanda na kushuka, lakini ardhi itakuwa moja kutoka picha ya kwanza hadi ya tano. Hieronymus Bosch alilijua jambo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Katika kazi yake ya paneli tatu iliyoko jumba la Prado, Madrid, upeo wa bustani ya kushoto unaendelea hadi paneli ya katikati, na macho yanavuka fremu bila kukwama. Picha inayotazamwa kutoka juu mlimani isiingizwe katika mpango huo. Itundike peke yake, ukutani pengine.

Taa zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Kwa dari la mita 3 na kitovu cha picha cha mita 1.5, taa ikae kama sentimita 87 kutoka ukutani. Ikiwa karibu zaidi, kila mwinuko wa rangi utatupa kivuli na fremu itafunika sehemu ya juu ya picha. Ikiwa mbali, mtazamaji atajizibia mwanga mwenyewe na vanishi itang'aa machoni pake. Tumia taa za LED za kelvini 3000 hadi 4000 zenye alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) 90 au zaidi, zote za aina moja. Taa mbili za weupe tofauti zitayavuruga majua ya nchi yako kuliko kosa lolote la brashi. Kazi za karatasi na rangi za maji zipate mwanga hafifu, luksi 50 hivi. Za mafuta na akriliki zinavumilia 150 hadi 200.

Mlangoni weka ramani, kubwa, mita moja kwa mita moja na nusu, na pembeni mwa kila picha namba inayoipeleka kwenye ramani. Maelezo ya nchi yasizidi maneno 60 kwa picha, kwa herufi za pointi 18 au zaidi, na yaandikwe kama yangeandikwa na mwenyeji wa nchi hiyo. Jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo (kimo kwanza, upana baadaye) vikae kwenye kadi nyingine ndogo chini yake, bei ikae kwenye orodha mezani. Ukichanganya habari za nchi na bei katika kadi moja, msafiri wako utamrudisha sokoni kabla hajafika.

Meza moja ya vitu vya nchi hiyo, chungu, viatu, sarafu ulizozitengeneza, inatosha. Ya pili huanza kuonekana kama mapambo ya harusi.

Nataka kupeleka turubai saba kutoka Zanzibar kwa ndugu zangu hapa Muscat wanaoniandalia maonyesho. Nizikunje? — Msomaji, Muscat

Usizikunje, zivirige, upande wa rangi ukiwa nje. Ukiuweka ndani rangi hubanwa na kujikunja, na siku ya kuzifungua itapasuka. Bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15 hivi, jembamba kuliko hapo ni hatari kwa rangi nene. Juu ya kila picha laza karatasi isiyonata, hata ile ya kuokea iliyopakwa silikoni, kamwe si nailoni: akriliki hulainika kwa joto, na ndani ya sanduku lililoachwa juani nailoni hugandamana nayo. Picha za mafuta za chini ya miezi sita zisivirigwe kabisa. Zikifika zifunguliwe siku hiyohiyo, zilazwe siku moja kabla ya kurudishwa kwenye fremu, na wakati wa kuvuta turubai muanzie katikati ya kila upande kwenda pembeni.

Galari imekubali kuuza picha zangu kwa makubaliano ya asilimia 50. Pia wanataka "haki za wahusika", yaani viumbe niliowabuni. Nitie saini? — Mchoraji, Dar es Salaam

Asilimia 40 hadi 50 ni ya kawaida pale galari inapogharamia ukumbi, taa, matangazo na hafla ya ufunguzi. Iwe ni asilimia ya bei iliyokubaliwa, na mkataba useme utalipwa ndani ya siku ngapi baada ya mauzo, nani anabeba hasara picha ikiharibika, na picha zisizouzwa zirudi lini kwa gharama ya nani. Bei yako ya nyumbani iwe ileile ya galari, la sivyo utawapoteza wote wawili, mwenye galari na mnunuzi.

Hilo la pili usilitie saini namna lilivyo. Kuuza picha ni kuuza kitu, hakimiliki inabaki kwako mpaka uitoe kwa maandishi. Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA ndiyo ofisi ya kusajilia kazi. Kenya kuna sheria ya 2001 na KECOBO. Wazo tupu la nchi iliyokauka halilindwi na sheria. Kinacholindwa ni ulivyolichora: viumbe wenyewe, mavazi, ramani, maandishi. Kwa mtu anayejenga ulimwengu mmoja kwa miaka, wahusika wana thamani kuliko turubai lolote moja, kwa kuwa ndio watakaohitajika kwenye kitabu, katuni au mchezo wa simu. Ukitaka kuwapa galari kitu, wape ruhusa ya kuchapisha picha fulani, kwa idadi fulani ya nakala, kwa muda fulani.

Na kabla picha haijaondoka nyumbani, ipige picha ya ubora wa kuchapika: pikseli 300 kwa kila inchi kwa ukubwa utakaochapisha, kamera ikiwa sambamba na turubai, taa mbili za aina moja kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45, na kadi ya sampuli za rangi pembeni ndani ya fremu ya kamera.